Mama Alipotia Uso Majini

Mama anawajua samaki. Sokoni hasubiri kuambiwa. Hufunua tamvua kwa kidole gumba, akatazama wekundu wake, akabonyeza tumbo, akataja jina na bei anayoona inafaa, na muuzaji akakosa la kuongeza. Tafi huyu ni wa jana. Changu huyu amelala kwenye barafu mpaka macho yamezama. Pono huyu mchukue, lakini usimkaange, mtie mchuzi, nyama yake laini. Kwa zaidi ya miaka sitini amewapaa magamba, amewapasua, amewapaka ndimu na chumvi. Ila hadi Disemba ile ninayoisimulia hapa, hakuwahi kumwona hata mmoja wao akiwa kwake, anakwenda zake.

Wala si ajabu. Mama alizaliwa upande wa Vanga, na usichana wake wote aliijua bahari ikiwa imevuliwa maji. Likija bamvua, maji yakatoka mbali, yeye na wenzake walifunga leso viunoni wakateremka mwambani kuchokoa pweza na kuokota kombe. Maji yakianza kurudi, nao walirudi. Bahari iliyojaa ilikuwa ya wanaume wenye mitumbwi na dema. Wavulana walijifundisha kuogelea kwa kujirusha kutoka gatini. Msichana aliingia hadi kifuani, akajimwagia maji kichwani, akatoka. Hakuna aliyemkataza Mama kwa maneno. Ilikuwa tu haifanyiki.

Mimi nimeoa mtu wa Nakuru. Yeye alijifunza kuogelea kwenye bwawa la shule, mamia ya kilomita kutoka baharini, na ndani ya nyumba yetu ya Mombasa ndiye pekee aliyekuwa akiogelea vizuri kabla hatujaanza kuwafundisha watoto. Jambo hili lilikuwa likiniuma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi wao hawakuzama kwenye safari za mbali. Walizama kwenye maji waliyoyaona kila siku. Visiwani Zanzibar, kule Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuelea na kuogelea wakiwa na mavazi ya kuwasitiri mwili mzima. Picha zao zilizopigwa na Anna Boyiazis zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Nilimwonyesha Mama picha hizo kwenye simu. Alizitazama kwa muda mrefu, hasa ile ya msichana aliyelala chali juu ya maji, kisha akauliza, "Huyu mtu amemshika kwa chini?" Nikamwambia hakuna aliyemshika.

Wiki ya pili yake akauliza kama Watamu ni mbali.

Watamu iko kilomita 120 hivi kaskazini ya Mombasa. Unapita Mtwapa na Kilifi, unafika Gede, hapo unakata kulia kushuka baharini. Mwambao wake umejikunja ukafanya ghuba kadhaa zilizofuatana, na mbele ya ghuba hizo, mbali kidogo, kuna mwamba unaokwenda sambamba na ufuo. Mwamba huo ndio unaofanya kazi yote. Mawimbi ya bahari kuu huja na nguvu zake, yakagonga pale nje, yakavunjika. Ukiwa ufuoni unauona mstari mweupe na kusikia ngurumo yake, lakini maji yaliyo ndani ya mwamba yametulia kiasi cha mtoto kuyachezea. Ndani humo mmesimama visiwa vidogo vya mawe, vimeliwa na maji chini vikawa kama uyoga. Kimojawapo, ukikitazama kwa upande, ni kasa mtupu.

Eneo hilo lilifanywa hifadhi ya bahari mwaka 1968, pamoja na lile la Malindi, na ni katika hifadhi za bahari za mwanzo kabisa barani Afrika. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuvua kitu, si kwa nyavu, si kwa mshipi, si kwa dema. Inasimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya, na kiingilio hulipwa kabla ya kupanda boti.

Siku niliichagua kwa mwezi, wala sikutazama kalenda ya ukutani. Nataka kulieleza jambo hili kwa kirefu kidogo, kwa sababu nimeona familia nyingi zikiharibikiwa na safari nzuri kwa kutolijua, ilhali wazee wetu wote walilijua. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi, na maji yote hayo yanapita kwenye milango ya mwamba kwa kasi. Ni siku za mkondo, na mchanga unatimka. Siku ya mwezi nane au ishirini na mbili, maji ni mafu: hayaendi mbali, hayaji kwa fujo. Tena kwetu bamvua hujaa alfajiri na alasiri, karibu saa kumi, na kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Ukihesabu siku saba, kujaa kunaangukia saa nne asubuhi. Basi mwezi nane ukifika ufuoni saa mbili, una saa mbili nzima za maji yanayoingia taratibu, maji safi ya bahari kuu, na jua bado halijawa kali. Ongeza na msimu wenyewe: Disemba kaskazi imeshaingia, kusi na machafuko yake yamepita.

Nilimweleza Mama hesabu hiyo nikidhani namfundisha. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa nachokoa pweza kwa hesabu hiyo hiyo. Wewe umeigeuza tu."

Tulitoka baada ya swala ya alfajiri, watano: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka kumi na mmoja, mdogo wake wa kiume wa miaka saba, na Mama kiti cha mbele na kikapu cha mahamri mapajani.

Tulianza kwenye maji ya magotini, juu ya mchanga, mbali na jiwe lolote. Hapo ndipo somo lilipo, na anayeliruka atalilipia mbele. Kwanza miwani. Unaibandika usoni bila kuvuta mkanda nyuma, unavuta pumzi kwa pua. Ikishika yenyewe, ni yako, ikidondoka, tafuta nyingine. Mwanaume mwenye masharubu mazito atavujiwa. Kioo kinapata ukungu, dawa yake ni mate: unatema ndani, unasugua kwa kidole, unasuuza mara moja. Mwanangu wa kiume alifurahi kupewa ruhusa ya kutema mate mbele ya bibi yake. Kisha mrija wa kupumulia. Unauma kwa meno, unafunga midomo, unapumua kwa kinywa tu, na mwili wote unakataa, kwa sababu toka kuzaliwa umeuambia kwamba uso ukiwa majini hakuna kupumua.

Mama aliingia na suruali pana, dera juu yake, na mtandio aliouzungusha kichwani ukabana. Jaketi la kuelea likaja juu ya yote. Mara ya kwanza kutia uso aliutoa papo hapo, maji yamejaa ndani ya miwani mpaka puani, anakohoa. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu akasema, kwa sauti ya mtu anayeaga, "Basi. Nitawangoja kwenye boti."

Ni mke wangu aliyeona. Alimsogelea, akamwinamia, akapitisha kidole kuuzunguka mpira wa miwani kama mtu anayetafuta tundu kwenye gurudumu. Kumbe ukingo wa mtandio, upana wa unywele, ulikuwa umeingia chini ya mpira pale kwenye paji la uso. Uzi mmoja wa kitambaa unatosha kuleta bahari yote ndani. Akausukuma mtandio nyuma kidogo, akaubana kwa kibanio chake mwenyewe, akaukaza mkanda juu yake. "Jaribu sasa, Mama. Mimi nimekushika."

Mama akainama. Nilihesabu kimoyomoyo: tano, kumi, ishirini. Mrija ulikuwa unatoa sauti ya pumzi yake, nzito kwanza, kisha ya kawaida. Chini yake hapakuwa na kitu cha kuona, mchanga tu na vivuli vya mawimbi vikicheza juu yake kama nyavu. Alikaa dakika nzima akiutazama mchanga. Alipoinua uso alikuwa na alama nyekundu ya miwani kuzunguka macho, na jambo la kwanza alilosema ni, "Kumbe kuna mwanga."

Boti ilitupeleka kwenye matumbawe, si mbali. Nahodha, kijana wa hapo hapo Watamu, alimwita Mama "Bibi" na kumshusha ngazi kana kwamba anamshusha mama yake. Tulikubaliana sheria moja isiyobadilika: kila mtoto ana mtu mzima wake aliye umbali wa mkono. Mke wangu na mdogo, binti na nahodha, mimi na Mama. Hakuna aliyebaki bila mwenzake, kwa hiyo hakuna wa kuzurura peke yake. Na hakuna wa kusimama juu ya jiwe, hata akichoka. Anayechoka anageuka chali.

Juu ya matumbawe Mama alinishika mkono na hakuuachia tena.

Jiwe la matumbawe ni jamii ya wanyama. Ni maelfu ya viumbe laini, wengi wadogo kuliko punje ya mchele, kila mmoja amejijengea kikombe cha chokaa, na ndani ya miili yao hukaa mimea midogo mno inayowatengenezea chakula kwa jua na kuwapa rangi. Yale ya mviringo, makubwa kama mtungi uliofunikwa, hukua sentimita moja hivi kwa mwaka. Jiwe linalomfikia mtu kifuani lilianza kabla babu yake hajazaliwa. Magofu ya Gede, tuliyoyapita asubuhi bila kusimama, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe: kwa sehemu za kuchongwa, mafundi wa mji ule walichukua matumbawe mabichi kutoka baharini, yakiwa bado laini ya kuchongeka, wakayatia nakshi. Ukiupapasa ukuta wa zamani wa Kiswahili mwambao huu, mara nyingi vikombe vile vidogo utavihisi chini ya vidole.

Joto la bahari likizidi la kawaida kwa nyuzi moja au mbili, likadumu wiki kadhaa, ile mimea hutolewa nje na mnyama hubaki mweupe, ana njaa. Joto likipungua mapema anapona. Mwaka 1998, mwaka wa El Niño, halikupungua mapema, na sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ikafa, ndani ya hifadhi na nje yake. Tulipokuwa tukielea, niliyaona yote mawili bega kwa bega: mawe yaliyokufa zamani, yamevaa majani, na juu yake vichipukizi vya zambarau na vya kahawia, ukubwa wa kiganja. Nilifurahi kuviona vichipukizi vile kuliko nilivyofurahia samaki.

Mama hakuwa na habari na mawe. Alikuwa anasoma orodha yake. Kila alipomtambua mmoja aliuminya mkono wangu, akainua uso, akatoa mrija, akataja. "Kangaja!" Anarudi chini. "Mkundaji! Ona ndevu zake, anachimba!" Anarudi. "Kitatange." Hilo alilisema polepole. Kitatange aliyemjua yeye ni yule wa mwisho wa fungu, aliyeongezwa na muuzaji bure kwa sababu hana nyama. Huyu wa hapa alikuwa bamba la manjano na weusi linalogeuka kwenye jua, wawili wawili, hawaachani. Chuchunge walipita juu kabisa, chini kidogo ya ngozi ya maji, kama vijiti vya fedha. Na pono, yule pono wa mchuzi, tulimsikia kabla hatujamwona. Ukitulia utasikia kama mtu anatafuna bisi: ni mdomo wake wa kasuku unakwangua jiwe kula majani. Chokaa anayoimeza huitoa nyuma ikiwa mchanga mweupe, tukaiona ikishuka kama moshi. Pono mkubwa mmoja anaweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Ufuo tulipoweka kikapu chetu cha mahamri asubuhi umepitia, kwa sehemu yake, tumboni mwa mnyama huyu.

Kikande alikuja kututazama, amejaa kiburi. Huyo nilitaka watoto wamjue kwa sura. Chakula chake kimojawapo ni wale wanyama weusi wa miiba mirefu kama sindano, ambao kila mtoto wa pwani amewahi kuchomwa nao unyayoni. Tim McClanahan, mwanasayansi aliyeichunguza miamba ya Kenya kwa miongo kadhaa, alionyesha kwamba panapovuliwa mpaka vikande wakaisha, wenye miiba huzaana mno, nao wakila huukwangua mwamba ukazidi kudhoofika. Katika hifadhi, vikande wapo, wenye miiba ni wachache. Mwanangu alielea juu ya matumbawe yale asubuhi nzima na miguu yake mitupu ikatoka salama.

Miaka kadhaa nyuma nilikwenda pwani nyingine kwa boti nyingine, na aliyetuongoza alivunja mkate akautupa majini ili samaki wajae. Walijaa kweli, wale wadogo wa milia mitano, wakatugombania vidoleni, na wageni wakashangilia. Kisha akampiga pweza kwa kijiti mpaka akatoka. Nilinyamaza siku ile na bado najuta. Mkate si chakula cha samaki. Wanaoukimbilia huacha kula majani yanayoyasonga matumbawe, na wakali wanawafukuza wapole. Nahodha wetu wa Watamu hakuwa na mkate, na wala hakuuhitaji.

Pweza tulimwona, na aliyemwona ni Mama. Nahodha mwenyewe alikuwa amekwisha pita. Mama aliuvuta mkono wangu, akanyoosha kidole kwenye tundu chini ya jiwe ambalo mimi nililiona tupu. Nje ya tundu palikuwa na maganda ya kaa na ya kombe, yamerundikwa kama takataka za mlangoni. Nikatazama, nikatazama, hadi lile nililodhani ni jiwe likafungua jicho. Lilibadilika: kahawia, kisha kijivu cha vipele, kisha karibu jeupe, kisha likawa jiwe tena. Mama alikaa juu yake muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Tulipopanda botini alisema, "Maganda hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyatafuta sisi. Lakini tulikuwa tukifika, yeye ameshajificha. Sikujua kama ana rangi."

Kasa hatukumwona, na binti yangu alinuna kidogo. Nikamwambia wapo, na kwamba wavuvi wa huko wamezoea kupiga simu kwa shirika la Local Ocean Conservation wakimnasa kasa bila kukusudia, ili achunguzwe na kurudishwa baharini. Hilo halikumtosha. Alitaka kumwona.

Saa nne na nusu mdogo alianza kutetemeka, midomo imekuwa ya zambarau, japo maji ni ya vuguvugu. Mtoto mwembamba hupoa upesi kuliko anavyokubali kusema. Tulimfunga kanga mbili, akala mahamri matatu. Mke wangu na mimi tuliungua shingo na nyuma ya magoti. Mama, na dera lake la mikono mirefu, hakuguswa na jua hata kidogo. Wapo wanaotegemea mafuta ya kujikinga na jua, lakini Hawaii ilipiga marufuku, kuanzia 2021, uuzaji wa mafuta ya jua yenye kemikali mbili zinazodhaniwa kudhuru matumbawe. Mavazi ya Mama yalikuwa yamelimaliza suala hilo zamani.

Njiani kurudi, binti alitoa daftari akamwomba bibi yake ataje upya, mmoja mmoja. Alijaza ukurasa na nusu. Kisha akauliza, "Na yule mdogo wa buluu, Bibi? Mwenye mstari mweusi, aliyekuwa akiingia mdomoni mwa pono?"

Sote tulikuwa tumemwona. Chini ya jiwe moja samaki wakubwa walikuwa wakija kwa zamu, wanasimama wima, wanapanua midomo na matamvua, na kile kisamaki cha urefu wa kidole kinapita ndani yao kikichokoa wadudu na ngozi iliyokufa. Anayesafisha haliwi. Anayesafishwa hatikisiki.

Mama alifikiri mpaka tukavuka daraja la Kilifi. "Simjui," alisema. "Hajawahi kufika sokoni."

Nilitafakari maneno hayo nikiendesha. Majina yake yote yalikuwa yametoka kwenye ndoana na dema. Alimjua kila aliyefika chunguni, na hapo elimu yake ilikoma. Usiku alimpigia simu kaka yake, mvuvi wa Vanga tangu utotoni, akaweka spika ili mjukuu aandike. Akamweleza: mdogo, wa buluu, mstari mweusi toka mdomoni hadi mkiani.

"Huyo hatumvui," alisema mjomba. "Umemwona wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya maji. Alikuwa mdomoni mwa pono, na pono ametulia tuli."

Simu ilinyamaza mpaka tukadhani imekatika. Binti yangu alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi.

"Mwezi ishirini na mbili maji yatakuwa mafu tena," alisema mjomba. "Miwani ya kunienea mimi itapatikana?"